Mume Wangu Ataka Niende Mchezoni Bila Wanangu

Bi Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea salamu za ndugu yako wa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ambaye kila gazeti likitoka humsomea jirani yake Bi Kijakazi ukurasa wako wote, maana nilisoma mpaka darasa la nne na mwandiko wangu waliusifu, na leo nakuomba unisomee na mimi unipe neno, nimekwama baina ya mume na wanangu na siku yenyewe inakaribia.

Mume wangu Sadalla ni fundi seremala huko Gerezani, na jioni ni mwigizaji katika chama cha michezo ya kuigiza, wenyewe ni makarani na mafundi na walimu, wanaonyesha ukumbini upande wa Mnazi Mmoja. Mwaka huu wamempa kuwa yule mtu ambaye mchezo wote unamhusu na mwisho anakufa, na sisemi kwa kuwa ni mume wangu, lakini akianza kusema maneno yake chumbani wanawake wa uani huacha kutwanga wakamsikiliza. Maneno hayo alikuwa akijifunzia nyumbani, na binti yetu Sitara, anayeingia mwaka wa nne, alikuwa akikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akimtazama, na baba akisahau neno yeye humkumbusha, mtoto wa umri ule, Bi Mshauri, wewe umepata kuona? Mdogo wake Rajabu bado ananyonya, mnene, mikono imejikata kama amevaa bangili, sokoni wauza mboga wanapokezana kumbeba mpaka nasahau nilichofuata.

Usinione najisifu tu. Nilikaa na Sadalla miaka mingi sina mtoto. Siku moja kwenye taarabu wifi yangu aliniambia mbele za watu, "Wifi, wewe kaa hapa kwenye busati jipya, wewe huna wa kukukojolea." Watu wakacheka na mimi nikacheka, nikarudi nyumbani nikalia mpaka macho yakavimba. Basi tangu Mungu aliponipa nilisema moyoni kwamba palipo na watu nitakwenda nao wote wawili, na kila mtu atawaona.

Siku ya mchezo niliwapamba. Sitara gauni la waridi na soksi nyeupe, Rajabu kofia ya kufuma, tukakaa benchi la mbele kabisa. Ngoma ilipopigwa Rajabu alilia, lakini kilio kizuri tu cha mtoto mwenye afya, nikampa ziwa akanyamaza, kisha akataka kusimama nikamsimamisha ili na waliokaa nyuma wamwone. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Mama, mkalishe mtoto, tumekuja kumtazama Sadalla." Nikamwambia, "Na huyu ni Sadalla mdogo, mtazame bure."

Sasa wewe unajua, kwetu mtu akiimba vizuri taarabuni hatumwachi hivi hivi, unainuka unamtunza, unamfuta jasho kwa leso, naye anaitikia kwa kichwa anaendelea. Mimi nilikuwa nimemshikisha Sitara leso niliyoidarizi mwenyewe, nikamwambia, baba akishanyamaza, panda ukamfute jasho watu wakuone. Nilidhani akinyamaza ndiyo mchezo umekwisha. Kumbe alinyamaza kwa kuwa amekufa.

Nilikuwa nimeinama natafuta kofia ya Rajabu chini ya benchi, nikasikia ukumbi kimya kabisa, halafu mwanamke akauliza, "Mtoto wa nani yule?" Nainua kichwa, Sitara yuko jukwaani. Baba yake amelala chali, Augustino aliyevaa kanga kuwa mjane anaomboleza, na mwanangu amechuchumaa anamfuta maiti paji la uso, anamwambia kwa sauti, "Baba, usilale, watu wanakutazama." Tumbo la maiti likaanza kutikisika. Mara akafumbua macho, akasema, "Ahsante, mama." Bi Mshauri, ukumbi ulipasuka! Mjane alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, mashavu yake na ndevu zake nje, wakavuta pazia upesi. Na mimi, nitaficha nini, nilipiga vigelegele.

Mkubwa wa chama, Bwana Wilbert, karani, akanifuata. "Mama Sitara, tangu masika, Jangwani maji yamejaa, tunavuka tukiwa tumekunja suruali kuja mazoezini, ili watu watoke hapa wanalia. Wametoka wameshika mbavu."

"Si wamefurahi?" nikamwambia.

"Mwezi ujao tunarudia. Watoto hawaingii. Akiingia wa Sadalla, Sadalla hachezi, nafasi yake anashika Vitalis."

Yeye ningempuuza. Lakini njiani, Sitara amelala begani kwa baba yake, Sadalla akaniambia polepole, "Mama Sitara, siku hiyo njoo wewe. Wewe peke yako."

"Niwaache wanao kama mizigo?"

"Kwa Bi Kijakazi, mlango wa pili. Mizigo gani?"

"Basi na mimi siji."

Tangu siku ile maneno yake anajifunzia karakanani. Nyumbani anakula, anashukuru, analala. Sitara anakaa juu ya kinu chake anangoja, ananiuliza, "Mama, leo baba hafi?"

Sasa nauliza, watoto si watu? Harusini wapo, maulidini wapo, kanisani kwa kina Augustino wapo, ni nani aliyesema mchezo wa kuigiza ni wa wakubwa peke yao? Nikienda bila wao nitakaa kwenye benchi kama miaka ile, na wifi atakuwepo. Nisipokwenda, mume wangu atatazama mahali pangu aone patupu, na ndiyo siku yake kubwa. Nifanyeje?

Mama Sitara na Rajabu,
Kariakoo.

Ukiandika gazetini, majina ya watoto usiyabadili.

*

Mama Sitara,

Marahaba, nimekuzidi umri, na majina nimeyaacha kama ulivyotaka. Watoto wazuri, nimewaona humu humu kwenye karatasi.

Nianze na lile neno la busatini. Lilikuwa neno baya, na aliyelisema alipaswa kuona haya. Mtu aliyelia vile ana haki ya kubeba wanawe kifua mbele sokoni, harusini na popote. Hapo niko upande wako.

Sasa nisikilize, maana hapa tunaachana. Sitara hana kosa. Alitumwa, akafanya, tena vizuri. Aliyemtuma bila kuuliza mchezo unakwishaje ni wewe. Mwimbaji wa taarabu ukimfuta jasho anafurahi, kwa sababu yuko pale yeye mwenyewe. Mumeo pale jukwaani hakuwepo. Alikuwa amewaomba watu wote wakubali kwamba yule pale ni mtu mwingine na kwamba amekufa, na watu walikwisha kukubali. Ndiyo maana ukumbi ulikuwa kimya. Kimya kile wamekitafuta tangu masika.

Harusini sauti ya mtoto inapotea katika sauti za watu. Kwenye kimya haipotei. Rajabu hataki mchezo wowote, anataka ziwa na usingizi, na wewe unamsimamisha ili watu wamwone! Nilicheka, kisha nikamhurumia yule bwana wa nyuma. Mtoto wa umri wa Sitara anaweza kwenda kutazama michezo, lakini ile ya watoto, ambayo akipanda jukwaani watasema apande na wenzake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia rangi ya gauni, soksi, kofia na mahali ilipoangukia. Hukuniambia yule mtu anakufa kwa nini. Aliuawa? Aliugua? Alisema nini mwisho, na alimwambia nani? Hukuniambia kwa sababu hukuona. Binti yako anayajua maneno yote ya baba yake, na wewe mkewe ulikuwa chini ya benchi.

Sadalla hakusema watoto wanamwaibisha. Mwanamume anayewaonea haya wanawe hafufuki mbele ya ukumbi mzima kumwambia binti yake ahsante. Alichosema ni "njoo wewe". Miaka ile uliyokaa bila mtoto, naye alikaa bila mtoto, tena na wewe. Hukusikia anachoomba, mama, ukasikia sauti ya wifi yako.

Basi fanya hivi. Leo hii mwambie arudi kujifunzia nyumbani, na umwambie mbele ya Sitara. Kisha nenda kwa Bwana Wilbert, omba radhi, na usimwambie tena habari za watu kufurahi. Mwombe Sitara aende mazoezini alasiri moja tu, amwone baba anakufa, anainuka, anapukuta vumbi, anakunywa maji. Amwone mara mbili tatu mpaka achoke. Mtoto anayeuliza baba hafi leo anahitaji kuona jinsi anavyoamka.

Siku yenyewe mnyonyeshe Rajabu ashibe, umwache na dada yake kwa Bi Kijakazi. Usitoroke kwa mlango wa nyuma. Muage Sitara, mwambie unakwenda wapi na unarudi na nani. Mwachie Bi Kijakazi neno kwamba Rajabu akikataa kabisa kutulia, atume mtu mlangoni, nawe utatoka taratibu bila kelele. Mtoto analia, mama anatoka, hakuna fedheha.

Vaa vizuri. Kaa benchi lile lile la mbele. Wifi yako akikuuliza watoto wako wapi, mjibu, "Wamelala. Nimekuja kumtazama mume wangu." Useme hivyo tu, halafu geuza uso utazame jukwaa.

Akifa, mwache afe. Vigelegele uvizuie mpaka pazia limefungwa. Na mkiwa njiani mnarudi, kabla hujataja mtoto yeyote, mwambie ni wapi hasa machozi yalikutoka.