Kufuli la Orofa ya Tano

Mama Kerubo,

Fundi wangu, nisamehe, nakuandikia nikiwa na kinyaa. Miaka miwili ulinifundisha kushona, lakini kuvumilia uchafu wa watu hukunifundisha.

Tulikuzika Birongo, kando ya nyumba yako. Halafu mwenye jengo tulimoshonea akapewa kipaza sauti! Alikuja na shada kubwa kuliko yote, akatangaza kwamba ulikufa motoni kwa sababu ulirudi kuchukua cherehani. Watu wakaguna kwa huruma. Wengine wakasema amina. Nilienda nyuma ya hema nikatema mate.

Wewe? Cherehani? Ijumaa alasiri, saa ambayo wewe huwa umeshaifunika ili Sabato isikukute na uzi mkononi? "Moraa, jua linashuka na wewe bado uko kwa vifungo?" Kila Ijumaa kelele ilikuwa hiyo. Siku ile ulinituma chini kununua zipu, ndiyo maana niko hai. Niliporudi, moshi ulikuwa umeziba ngazi ya ndani. Nikazunguka, nikapanda ile ya nje mpaka orofa ya tano. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, upande wangu. Mwenye jengo ndiye aliyelitia, eti wachuuzi wasipite. Nililivuta hadi kucha zikang'oka. Ulikuwa unagonga. Uliniita jina. Kisha, basi.

Sasa jengo linapakwa rangi ya waridi, kama keki ya harusi. Jana alimtuma karani wake. Nitapewa chumba cha chini, kinachotazama barabara, mradi nitie sahihi kwamba mlango ulikuwa wazi. Mama yangu akasema, "Chukua, mwanangu. Aliyekufa hafufuki." Alinichukiza. Lakini nilijichukia zaidi mimi, kwa sababu kwa dakika nzima nilikuwa nikiwaza meza ya kukatia itakaa wapi.

Karatasi nimeirudisha bila sahihi. Kesho asubuhi naenda polisi kuandikisha yote, kufuli na jinsi mkono wako ulivyogonga mlango. Najua mjini hapa sitapata chumba tena. Haidhuru, nitashonea barazani kwetu Kebirigo.

Nakuahidi, binti yako Kerubo hatakua akiambiwa kwamba mama yake alipenda cherehani kuliko yeye. Nitamwambia mwenyewe, na nitamwambia mbele ya yeyote.

Pumzika, Mama. Nilikusikia.

Moraa