Ufadhili wa Asiye na Mama

Jumapili, 5 Machi 2023

Niliahidi sitasema mpaka karatasi zitoke. Nimesema! Leo kanisani, ulipofika wakati wa ushuhuda, nikasimama na kofia yangu ya zambarau. Nikawaambia kwamba mimi, Verlene Pettway, mfua mashuka wa nyumba ya wazee, niliyeacha shule darasa la tisa, namuasili Tierra. Maombi yako mahakamani. Kabla hajatimiza miaka kumi na minane, tarehe thelathini Mei, atakuwa Pettway kama mimi. Miaka minne amekaa kwangu kama mtoto wa malezi, serikali ikinitumia posho kila mwezi. Basi, posho hiyo waende nayo! Na Chuo Kikuu cha Tuskegee wamemkubali. Atasomea udaktari wa wanyama.

Makofi! Hata wazee wa safu ya mbele walisimama.

Nje mwenzangu wa kanisani, Ernestine, akanishika mkono. Daktari wa mbuzi, Verlene? Nikamwambia wa mbuzi, wa ng'ombe, na wewe siku ukianza kulia kama punda. Akacheka mpaka meno yake ya bandia yakamcheza.

Tierra alikuwa ameinamisha kichwa safari nzima ya kurudi. Akasema, "Bi Verlene, ungeniuliza kwanza." Lakini alikuwa anatabasamu. Niliona. Na baadaye nimekuta daftari lake la hesabu mezani, ukurasa mzima ameandika jina moja tu, Tierra Pettway, Tierra Pettway, kila mara kwa mwandiko mwingine. Kama anajaribisha viatu dukani.

Jumanne, 14 Machi

Holloway amekuja, yule kijana wa ustawi wa jamii mwenye mashavu kama hajaanza kunyoa. Nikamkatia pai ya viazi vitamu. Hakuigusa. Nikajua pana jambo — hakuna mtu asiyegusa pai yangu.

Kumbe Tierra amepita! Mfuko wa ufadhili wa masomo wa Hathersby, wa kule Montgomery, wamemweka kwenye majina ya mwisho. Ada yote, chumba, chakula, vitabu, mpaka amalize. Nikapiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Nilijua! Nilisema tangu siku alipomfunga mbwa wa jirani gango la mguu uliovunjika kwa vijiti vya aiskrimu, yule mbwa anakimbia hadi leo.

Holloway akaniambia nikae.

Mfuko huo ni wa vijana wanaotoka kwenye malezi ya serikali bila mtu. Bila mzazi yeyote wa kisheria. Aliyeasiliwa hana nafasi. Hata akiasiliwa akiwa chuoni, wanakata. Nikamwuliza, kwa hiyo wanamlipia kwa sababu hana mama, na akipata mama wanamnyang'anya? Akasema hakuitunga yeye sheria hiyo, Bi Pettway. Akasema tena polepole kwamba ruzuku nyingine zipo, ila hazifiki hata nusu ya ada. Mimi ada hiyo siiwezi hata nikifua mashuka ya Alabama nzima.

Alipoondoka nikamwita Tierra. Alishasikia, alikuwa kwenye korido.

Nikamwuliza, unataka nini, binti?

Akaniuliza, "Wewe unataka nini?"

Nikasema, mimi nataka uwe daktari! Karatasi ni karatasi tu. Miaka michache tu hiyo, halafu tutakwenda mahakamani na koti lako jeupe.

"Basi sawa," akasema. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mtoto mwelewa sana. Wengine wangelia.

Ijumaa, 7 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimepika maharagwe, samaki na mkate wa mahindi. Tierra amekula kidogo.

Holloway amepiga simu. Siku ya mahakama ni tarehe ishirini. Niondoe maombi yangu, nisieleze sana. Nikisema ni kwa ajili ya ufadhili itaandikwa, na Hathersby wanasoma kila kilichoandikwa. Niseme nimebadili mawazo, basi. Na nisimwambie mtu. Mtu yeyote! Kanisani, kazini, popote. Hathersby huwa wanaulizia.

Mimi! Niwe na daktari ndani ya nyumba na ninyamaze! Leo kwenye mashine za kufulia wenzangu wakiniuliza nilijifanya sabuni imeniingia machoni.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimefanya.

Chumba kile baridi. Hakimu mwanamke, mtu mzima, miwani kwenye mnyororo. Akasoma. Akasema, "Bi Pettway, hapa uliandika kwamba huyu ni mwanao tangu siku ya kwanza. Maneno yako haya?" Nikasema ndiyo. "Na leo?"

Leo nimebadili mawazo, Mheshimiwa.

Akanitazama kama mtu anayetazama kitu kilichokanyagwa. Kuna tatizo na mtoto? Hapana. Na wewe una ugonjwa? Hapana. Basi nini? Nikasema tena nimebadili mawazo. Sauti yangu sikuijua.

Nilikuwa nimevaa lile gauni la bluu nililonunua kwa ajili ya siku ya kumuasili. Sijui kwa nini. Sikuwa na jingine zuri kama hilo.

Hakimu akamgeukia Tierra. "Pole sana, mwanangu." Yeye! Mgeni asiyejua hata mtoto anakula nini asubuhi, ndiye aliyemwita mwanangu, na mimi nimekaa pale kama gogo.

Tierra akasema, "Asante, Mheshimiwa. Nimezoea."

Kwenye gari nikamwambia umesema vizuri sana ile nimezoea, hata mimi nimeamini. Akawasha redio.

Jumapili, 30 Aprili

Habari zimefika kanisani. Mpwa wa mtu fulani anafanya kazi mahakamani, mji mdogo huu. Hakuna aliyekuja kukaa karibu yangu. Ernestine akanisubiri mlangoni, safari hii hacheki. "Verlene, umemrudisha yule mtoto dukani? Risiti ulikuwa nayo?"

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na jibu la kumwangusha mpaka ngazi za chini. Nikasema ni mambo yangu. Akasema tulikupigia makofi, Verlene. Tulisimama.

Mchungaji akaniombea kwa jina. Mbele ya watu wote. Nigeuzwe moyo.

Nimerudi nikakaa kwenye gari mpaka injini ikapoa. Tierra hakuja leo. Siku hizi haji.

Alhamisi, 4 Mei

Jumamosi mtu wa Hathersby anakuja kuona nyumba. Tumeshusha picha. Ile ya mahafali ya darasa la nane, ile tumevaa fulana za kufanana, ile ya Krismasi na mbwa wa jirani. Ukutani kumebaki alama za weupe, miraba miraba. Nikasogeza kabati. Haikutosha. Nikatundika kalenda ya benki.

Halafu tukafanya mazoezi jikoni, mimi mgeni, yeye Tierra. Likizo chuo kikifunga utakwenda wapi? "Sijui bado, Bi." Bi Pettway ni nani kwako? "Ni mlezi wa serikali. Ananitendea vizuri." Tukacheka! Kwa mara ya kwanza tangu Machi. Akaniigiza mimi ninavyojisifu, na mkono kiunoni, "Daktari wangu huyu, mnamuona, daktari wangu!" Nikacheka mpaka nikashika jokofu.

Akaacha kucheka kabla yangu. "Usijisifu Jumamosi, Bi Verlene. Nakuomba. Ukifungua mdomo tu tumekwisha."

Nikaapa.

Jumamosi, 6 Mei

Amekuja. Bi Whitcomb. Viatu vya chini, sauti laini, si mtu mbaya. Amekubali chai ya barafu. Ameangalia chumba cha Tierra, ameangalia sebule, ameitazama kalenda ya benki muda mrefu kuliko kalenda inavyostahili. Halafu akaomba azungumze na Tierra peke yake. Wamekaa kibarazani. Nimeambiwa nisubiri, nitaitwa. Nasubiri hapa meza ya jikoni, naandika ili mikono itulie.

Mlango ni wa wavu. Nasikia, na nawaona.

Likizo utakwenda wapi? "Sijui bado." Vizuri. Kama tulivyofanya.

Bi Pettway ni nani kwako? "Mlezi wa serikali." Vizuri. Anakutendea vizuri? "Ndiyo."

Bi Whitcomb akasema anaona kwenye faili kwamba kulikuwa na maombi ya kukuasili, yakaondolewa. Unaweza kuniambia ilikuwaje? Si lazima.

Hili hatukulifanyia mazoezi. Hatukulifikiria hata kidogo!

Tierra akasema:

"Alinitangaza kanisani. Halafu akanikataa mahakamani. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu yake, angeweza kunigusa."

Bi Whitcomb akasema pole.

"Hakunigusa. Hakuniuliza hata mara moja kama ningependa kubaki naye bila chuo. Aliniuliza nataka nini, nikamrudishia swali, naye akajijibu mwenyewe. Alikuwa na furaha. Nikaona basi, hiyo ndiyo anayoitaka, daktari. Mimi ni kitu kingine."

Anasema vizuri sana. Anasema vizuri kuliko mazoezi. Bi Whitcomb ameacha kuandika, anamsikiliza tu. Ufadhili ni wake, naona kabisa, hakuna atakayeupinga baada ya hapo. Tuskegee! Ningekuwa namsikiliza mtoto wa mtu mwingine ningesema huyu anajua kuigiza.

Anapoigiza, mimi namjua, anaweka mkono kiunoni. Mikono yake iko mapajani.

Bi Whitcomb anamuuliza Tierra kama angependa kulisema hilo mbele yangu, au liishie pale pale.

Tierra amepandisha mabega tu.

"Bi Pettway?" Ananiita. Sauti laini ileile. Tafadhali njoo ukae nasi kidogo, nina swali moja tu kwako.

Nikitoka nikasema ukweli, ada imekwenda. Nikisema kama nilivyoapa, atanisikia nikimkataa mara ya pili.

"Bi Pettway?"

Tierra hajageuka kuangalia mlango. Amesogea tu kwenye benchi, sijui ananipisha nikae au ananikwepa. Naweka kalamu, natoka.