Ubatizo wa Skolastika Barabarani

Sumbawanga, Jumapili mchana

Dada yangu Tusajigwe,

Shikamoo dada. Nimekaa juu ya gunia la mchele, goti langu ndiyo meza, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usidhani nimelewa. Hamjambo huko Tukuyu? Mama, miguu bado inamsumbua? Na mvua yenu hiyo, imewapa hata nafasi ya kuanika nguo? Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, wateja wananisalimia. Mengine utayasoma.

Najua unashangaa, mtu mwenye simu mbili anaandika barua kama babu. Nimejaribu kupiga, dada. Nikisikia sauti yako tu, mdomo wangu unaanza utani wenyewe. Juzi uliniuliza, "Mjamzito wetu anaendeleaje?" nikakujibu, "Anakula kuliko trekta," tukacheka, nikakata. Siku hiyo mtoto alikuwa keshazikwa.

Ndiyo hivyo. Amezaliwa na amefariki. Wa kike. Kaa chini kwanza, halafu endelea.

Unanijua. Hapa sokoni wananiita Balozi. Nimefika Lusaka, nimefika Lubumbashi, na kwa darasa langu la saba la kubahatisha nimewapita wenye digrii wanaokuja kunipigia saluti wakitaka mchele mzuri. Basi Balozi huyo na mkewe walishuka bondeni Ilemba pamoja kufuata mchele, maana Yustina alisema nikiwa sipo nyumba inamzomea. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi yake, wala hatukuwa na wasiwasi wowote.

Kesho yake asubuhi damu ikaanza. Nesi wa zahanati, binti mmoja Msabato, alimtazama mara moja tu akasema hapa hapatoshi, twendeni mjini. Tukamlaza nyuma ya kirikuu changu, kile kigari cha mizigo, godoro juu ya magunia, turubai juu yake, nesi pembeni. Niliupanda ule mlima wa kutoka bondeni kama mtu aliyebeba mayai huku anafukuzwa.

Tulipokuwa tunamaliza mpando nesi akagonga kioo. "Simama! Shemeji, simama!"

Nikazunguka nyuma. Mtoto alikuwa ameshatoka, mdogo, dada, wa kuenea kwenye sinia la chai. Nesi akanipa amefungwa kitenge. "Mpeleke mbele, asipigwe na upepo. Mimi nikimwacha mama yake sasa hivi, nampoteza."

Yustina akafumbua macho. Akasema neno moja, "Mbatize," akapotea tena.

Kwao Wakatoliki, kama hujui, mtoto akiwa hatarini kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata Mmoraviani kama mimi, hata mchuuzi wa mchele, mradi awe na maji na maneno yenyewe. Yustina alishawahi kunieleza, nikamcheka, "Kumbe hata mimi ni padre wa dharura!" Lakini pale nilimgeukia nesi. "Mbatize wewe basi, wewe ndiye mwenye mikono safi."

"Kwetu hatubatizi watoto wachanga, shemeji," akasema, mikono yake yote imejaa damu ya mke wangu. "Lakini kama unabatiza, fanya haraka."

Nikamlaza mtoto kwenye kiti cha mbele, ndani ya sweta langu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nikakimbilia maji nyuma, nikapata dumu la maji ya kujazia rejeta ya gari, kifuniko kimekaza mpaka nikakifungua kwa meno. Kisha likaja suala la jina. Miezi yote tulikuwa tunabishana. Mimi nataka Atupele, jina la Mama, yeye anataka Skolastika, na mimi namwambia jina hilo ni refu kuliko mtoto. Pale mlangoni mwa gari nikasema Skolastika. Nikammiminia kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nilitamka vizuri, dada. Hata mchungaji wetu hatamki vile. Kisha nikamwita nesi. Akaja, akaweka vidole viwili kifuani pake, akangoja, akamfunika uso.

Yustina alipona. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa mwenyewe hashukuru.

Tulimzika Kasense, kwa wakwe zangu. Katekista wao, mzee mpole, alisema Kanisa litamzika vyovyote vile, maana wazazi walitaka abatizwe, na Mungu ni mwenye huruma. Ila mama mkwe hakutaka huruma, alitaka uhakika.

"Baba Skolastika," katekista akaniambia. Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita hivyo. "Ulipommiminia maji, alikuwa hai?"

Maana sakramenti ni ya walio hai. Maiti habatizwi. Watu wote wakanyamaza kunisikiliza, na unajua mimi na watu wakinyamaza kunisikiliza.

Nikasema, "Sijui."

Mama mkwe akapiga makofi. "Hajui! Huyu! Bei ya mchele Kongo anaijua, pumzi ya mwanawe haijui!"

Tangu siku ile nafarijiwa na makanisa yote ya mji huu. Nesi alinipigia simu: "Amelala tu, shemeji, hajui lolote mpaka Bwana arudi." Mama wa duka la jirani, mlokole, anasema mtoto hana dhambi ya kubatiziwa, yule ni malaika, mimi nilimlowesha tu. Mchungaji wetu alikuja, akaomba vizuri, akasema tuiachie neema, ila alikuwa anaangalia saa. Mmoja amemlaza, mwingine amempa mabawa, mwingine amemwachia neema. Nawasikiliza wote, nasema amina, wakiondoka nakuta nimekaa palepale.

Yustina yuko kwao. Maziwa yalimjaa yakamuuma, mama yake akawa anamkanda kwa maji moto, nasikia vilio nikiwa nje. Jana nilikwenda tena. Nilimpelekea machungwa. Hakuyagusa.

"Niambie alipumua," akasema.

"Mke wangu, sijui."

"Wewe uliyewaambia watu umelala nyumba moja na rais wa Zambia?"

"Ule ulikuwa utani."

"Basi nitanie na mimi. Watu wote unawadanganya, mimi peke yangu ndiye wa kuambiwa ukweli?" Akageukia ukutani. "Usije tena mpaka ukumbuke."

Nimerudi nyumbani kwenye sufuria zangu. Dada, kweli ile nyumba inazomea.

Mama mwambie taratibu, akiwa ameshakula, na usimwambie jina, asije akaona nilimkataa yeye siku ile. Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie mchele wake anao kondakta aliyeleta barua hii. Nisalimie mjomba mzee wa kanisa, aniombee bila kutaja habari zangu mbele ya kwaya. Wanao wote uwabusu, yule mdogo umbusu zaidi.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nikae juu ya gunia hili. Wewe umezaa, umeshika wachanga wakiwa bado na moto wa tumboni. Nijibu kwa mkono wako, usimpe mtu mwingine akuandikie. Mtoto wa siku moja akimwagiwa maji ya ghafla, hushtuka? Wote? Hakuna anayetulia? Kama yupo hata mmoja unayemjua ambaye hakushtuka na alikuwa mzima, niandikie jina lake na la mama yake, nikamwambie Yustina bila kudanganya.

Maana nilimwambia katekista sijui, na mke wangu nikamwambia sijui, na huo ndio uongo mkubwa kuliko yote niliyowahi kusema. Maji yale yalikuwa yamepigwa na upepo wa baridi wa mlima njia nzima, dada. Yalikuwa yanauma vidole. Niliyamimina mara tatu, yakamtiririka usoni, hakushtuka, mengine yakaingia mdomoni yakatulia humohumo.

Ni mimi mdogo wako,
Ambakisye