Bendera Nyekundu Mbele ya Uso wa Baba

Ijumaa, Kigoma. Wingu zito limelala juu ya ziwa tangu asubuhi, na mvua haitaki kunyesha.

Kwa mnaopita hapa kwa mara ya kwanza: baba yangu ni dereva wa garimoshi la zamani la mvuke, lile walilolifufua wastaafu wa reli kwa mikono yao. Siku hizi hubeba wageni na wanafunzi, safari fupi ya kwenda na kurudi. Mimi hushika bendera pale barabara inapokata reli, upande wa Gungu. Kijani, pita. Nyekundu, simama.

Leo lilikuwa jaribio tu, bila abiria. Kesho walikuwa wapande watoto wa shule moja ya Rusimbi.

Saa nne hivi nikasikia honi. Wakati huohuo bodaboda yenye magunia ya mkaa ikazimika katikati ya reli. Mwenyewe anaivuta, haitoki. Nikakimbia kuelekea treni, napunga nyekundu kwa nguvu zangu zote.

Treni haikupunguza mwendo.

Nilimwona baba dirishani, uso wake umenielekea. Alitabasamu. Kisha akanipungia mkono.

Aliyefunga breki ni Ezekieli, mchochea moto wake. Magurudumu yalilia, cheche zikaruka, na treni ikasimama hatua chache tu kutoka kwenye magunia. Mwenye bodaboda aliketi juu ya kokoto.

Baba akashuka akifuta mikono. "Mbona tumesimama, na mwanangu ameshaniruhusu?"

Ile nyekundu nilikuwa bado nimeishika, mbele ya uso wake.

Ezekieli akanivuta pembeni. "Dada, ni miezi sasa namsomea geji ya mvuke. Nilidhani nyumbani mnajua."

Nilijua.

Baba humimina chai nje ya kikombe. Hasalimu watu mpaka asikie sauti zao. Nilinyamaza kwa sababu naukumbuka ule mwaka aliostaafu, alivyoshinda kitandani ameugeukia ukuta. Garimoshi ndilo lililomwinua.

Mchana nilikwenda kwa msimamizi, nikamweleza yote. Safari ya kesho imefutwa. Kisha nikarudi nyumbani kumwambia baba mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.

Nilijiandaa kutukanwa. Hakufoka. Aliuliza tu:

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka, baba."

Nikaona midomo yake inacheza, kama mtu anayehesabu safari.

"Na watoto wote wale niliowabeba tangu Pasaka?"

Jumatatu nitampeleka kwa daktari wa macho. Swali lake sijui nitalipeleka wapi.