Futi Nne za Barafu

Jumanne, 3 Septemba 2024

Nimempiga Musyimi na beleshi. Ndugu yangu wa tumbo moja! Mgongoni, upande bapa. Ningetaka kumuumiza ningegeuza makali. Sijutii.

Mama pasta aliniambia niwe naandika hasira badala ya kurusha sufuria, haya, naandika. Nilikuwa Mutomo na Mwaitu, mama yetu, hospitali ya misheni, ametolewa mtoto wa jicho. Huku nyuma nilimwachia Musyimi msingi wa nyumba ya Mwaitu. Plani ilitoka kwa Yvonne, kitinda mimba wetu, anachora majengo huko Kanada. Plani inasema msingi ushuke futi nne. Nilimwambia Musyimi mpaka mate yakakauka. Futi nne! Leo tunashuka kwa pikipiki, Mwaitu na bandeji jichoni, napata mitaro imeshajazwa zege. Futi mbili. Beleshi lilikuwa karibu.

Fundi Mutisya alikuja kututenganisha, kiwiko changu kikampata puani. Damu ikajaa shati. Yeye nimemwomba msamaha. Musyimi bado.

Jumatano, 4 Septemba

Amelipiza. Nilikuwa nimeinamia mtungi, kofi likatoka nyuma, mpaka sasa sikio linalia nzii. Nikamuuma mkono, nikashikilia kama mbwa. Mwaitu haoni, anasikia tu vishindo, anauliza nani anakufa.

Musyimi ana sababu zake. Ati shimo la kuzidi kiuno mbele ya mama aliye hai ni kumchimbia kaburi. Ameanza lini kuamini hayo? Alichoka! Udongo wetu mweusi ukikauka ni chuma, mtaimbo unaruka tu. Tena alitaka kumaliza kabla ya mvua. Mutisya naye anasema kwao Kyuso futi mbili zinatosha. Kwao Kyuso!

Ijumaa, 6 Septemba

Aibu.

Nilimpigia Yvonne, nikaweka spika mbele ya Musyimi, Mutisya na wachimbaji wote, ili aseme mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini futi nne.  Halafu akaanza kucheka.

"Kalunde, nisamehe. Hiyo plani ni ya huku. Huku ardhi inaganda, inavimba, inainua nyumba juu. Lazima msingi ushuke chini ya barafu. Nilisahau kubadilisha."

Barafu. Hapa kwetu Kwa Vonza! Musyimi alicheka mpaka akakaa chini. Mutisya alicheka na pamba yake puani, akasema barafu yeye ameiona kwa friji ya soda. Wachimbaji wameshanibatiza Mama Barafu. Nimemwaga damu ya watu kwa sababu ya theluji ya wenyewe. Nilitamani ardhi inimeze, hata futi mbili zingenitosha.

Jumapili, 8 Septemba

Nimechinja kuku, nikampikia Musyimi. Firigisi nikamwekea yeye. Alitafuna polepole akiniangalia, akasema kuanzia leo mambo ya nyumba nimwachie mwanamume. Nikasema sawa. Nikaenda kusugua sufuria mpaka ikakwaruzika.

Jumamosi, 2 Novemba

Mwaitu amehamia! Vyumba viwili vya mawe, mabati mekundu, mlango wa chuma, grili nene kwa kila dirisha, wezi watakoma. Watu wa kanisa waliimba, mama pasta akaomba mpaka chai ikapoa. Mwaitu anapapasa ukuta kwa kiganja, anatazama na jicho lake jipya, anapapasa tena. Maisha yake yote amelala kwa nyumba ya udongo. Musyimi alilia. Mimi pia. Siku nzima hakuna aliyemgusa mwenzake, ajabu.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Ndengu zitaota vizuri. Viatu vinabeba shamba lote, unatembea unarefuka.

Jumatano, 13 Novemba

Ufa! Kona ya dirisha mpaka kwa lenta, ile boriti ya zege juu yake, kidole kinaingia. Musyimi anasema ni plasta inakauka. Plasta gani inakauka na mvua hii? Nikaingia ndani. Sakafu ya kona imevimba, meza ya Mwaitu imeinama, kikombe kinateleza chenyewe.

Nikatoka nje nikasimama kwa mvua. Kiangazi udongo huu ulikuwa umepasuka, mguu wa mbuzi ulikuwa unazama. Sasa mianya yote imejifunga. Umekunywa. Unavimba. Unainua nyumba.

Ndiyo barafu ya Yvonne hii! Tuko nayo, ni vile tu yetu si baridi. Nilikuwa na haki bila kujua, na nikaiuza kwa firigisi ya kuku!

Nilimwambia Musyimi, akacheka: Mama Barafu ameamka. Nikaingia kumtoa Mwaitu kwa nguvu. Musyimi akanishika nywele mlangoni, akanivuta, kichwa kikagonga fremu. Nikampiga goti mahali anapajua. Mwaitu akatutandika wote wawili na mwiko, bila kuchagua. Halafu akakaa kitandani, akashika ukingo.

"Nyumba hii nitatoka nimebebwa," akasema.

Jumapili, 17 Novemba

Ufa unaingiza ngumi. Mutisya aliitwa akaja. Aliuangalia, akavua kofia. Musyimi akamrukia, ati yeye ndiye fundi, kwa nini hakukataa. Akamvunjia mpini wa jembe begani. Mutisya hakujitetea hata. Mimi ndiye niliyemvuta Musyimi mpaka shati likapasuka. Roho iliniuma, Mutisya kupigwa kwa kosa letu sote.

Nimemwomba Mwaitu alale kwangu. Nimepiga magoti, mimi! Amekataa.

Alhamisi, 21 Novemba

Naandika nimeegemea mlango wa Mwaitu kwa nje. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika huu mkono utafanya kitu kingine.

Asubuhi hakutoka kuota moto. Nikaita, akajibu: mlango umekataa. Ardhi imepanda usiku, fremu imebanwa, chuma hakisongi. Madirishani ni zile grili tulizozishangilia. Juu ya mlango ukuta umetokeza tumbo, mawe yanaonyesha meno.

Mutisya, bega likiwa limefungwa, amekimbia sokoni kutafuta jenereta na grainda, akate grili ya nyuma taratibu, ukuta usishtuke. Stima ilipotea jana. Hajarudi.

Musyimi hakungoja. Alikuja na nyundo kubwa kuuvunja mlango. Pigo la kwanza, jiwe likatoka juu ya lenta likaanguka pale mguu wangu ulipokuwa. Ndani Mwaitu akapiga kelele. Nikashika panga, nikamwambia Musyimi akipiga tena nitamkata. Akainua. Nikamkata.

Mkono wa kulia, juu ya kifundo. Panga liliingia. Nyundo ikaanguka kwa matope, yeye akakaa juu yake. Nimemfunga na leso yangu, nimekaza sana, na bado inaloa. Tumetazamana. Analia kama wakati tulipomzika baba. Anasema ukuta utaanguka tu, tukipiga au tusipopiga, na mimi nataka mama afe polepole. Anasema kila dakika ardhi inainuka. Sijui kama ni uongo. Mgongoni nasikia mlango unalia wenyewe, kidogo kidogo.

Mwaitu ameuliza kupitia kwa ufa nani amekufa. Nimemwambia hakuna.

 Halafu anasema maji yameanza kutoka chini ya kitanda, na vumbi linamwangukia jicho lile zima. Nimemwambia Mutisya yuko njiani, akae kona ya nyuma. Kona ya nyuma ndiyo imevimba, anasema, haikaliki.

Hakuna sauti ya pikipiki barabarani. Ni mvua tu.

Musyimi ameinuka. Ameokota nyundo na mkono wa kushoto. Anaikokota, hawezi kuibeba vizuri. Anakuja. Panga liko mapajani mwangu.

"Kalunde," Mwaitu amesema, karibu sana, mdomo wake uko kwa ufa. "Toka hapo. Mwache apige."

Sijatoka. Naandika. Amesema tena—