Majani Mekundu Kwenye Njia ya Shamba

Mwanangu Sirovai,

Mama yako nakusalimu. Usiucheke mwandiko, shule unajua niliishia la pili. Mama Kepui aliyewaletea viazi kambini kaniambia mnalala matopeni, mnapika kabla hakujakucha ili moshi usionekane, na miguu yako imeoza ndani ya mabuti ya mtu aliyekufa. Nimekutumia mafuta ya nazi. Jipake vidoleni, usije ukasafishia bunduki.

Magimbi yamekubali. Chumvi hatuna tangu meli zizuiliwe bandarini Kieta.

Nasikia mnataka kupitia shambani kwangu. Ardhi ile niliachiwa na mama yangu, na njiani nimepanda mti wa majani mekundu, ule wa mwiko. Mwenye silaha hapiti hapo. Juzi alikuja Batakai, mtoto wa mama yako mdogo, huyo aliye upande mnaopigana nao. Alipouona mti akaacha bunduki kichakani, akaingia kula.

"Mama mkubwa," akaniuliza, "yule mkoromaji wako hawajamfukuza kambini? Sisi ng'ambo ya mto tunamsikia!"

Nikacheka, halafu nikalia.

Jumapili atakuja tena, mikono mitupu. Hajui kama nakuandikia. Ichome barua hii, kamanda wako asiione, maana roho ya Batakai sasa iko mkononi mwako, na aliyeiweka ni mimi. Njoo nawe, bunduki uiache njiani kama yeye. Nitapika chungu kimoja. Kama huwezi kuja hivyo, mwanangu, usije kabisa.

Ni mimi mama yenu,
Oreana