Muhogo Ulionitangulia Kabambare

Jumatatu, 1 Septemba

Na tena, hata akikoroma nampenda. Wiki tatu za ndoa na bado naamka nikimtazama Saidi kama zawadi. Asubuhi nimetwanga sombe huku naimba, mpaka mamamkwe akauliza kama nina homa. Sombe ya majani ya muhogo wangu. Mama yangu alituma vijiti vya kupanda kutoka Kasongo mwaka jana, siku mahari ilipopokelewa, Saidi akavipanda, ili nikifika nikute chakula cha kwetu. Nani amependwa kama mimi?

Jumatano, 3 Septemba

Shamba letu limechaguliwa. Muhogo mpya utapandwa kwetu, na ukikomaa kijiji kizima kitachukua mbegu hapa. Umetoka kituo cha utafiti cha serikali, Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Watafiti wetu wa Congo wakaujaribu kwenye udongo wa huku kwetu Maniema, miaka kadhaa, pamoja na wale wa Tanzania. Wamefika wawili kwa pikipiki, Mkongo na Mtanzania, wekundu kwa vumbi. Nikawachinjia kuku.

Kisha Mtanzania akaona madoa ya njano kwenye majani ya muhogo wangu. Una ugonjwa, akasema. Ung'olewe wote, la sivyo utaambukiza ule mpya, na shamba watatafuta kwingine.

Kuku wangu alikuwa bado mdomoni mwake. Nimekasirika sana.

Alhamisi, 4 Septemba

Sijang'oa, na watafiti bado wako kijijini wakingoja. Saidi hanilazimishi, jambo ambalo ni baya zaidi. Mamamkwe amewaambia majirani, nikisikia: "Mukamwana analilia muhogo kama mutu amefiwa. Bwana yake akienda Salamabila wiki moja, atafanya je?"

Wamecheka. Mimi pia, kidogo.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeshika jembe mwenyewe, niwaonyeshe watafiti kuwa muhogo wangu ni mzima. Shina la kwanza, mizizi minene, nikamtazama Mtanzania kwa kiburi. Akaukata mmoja kwa panga. Ndani kahawia, mkavu, umeoza. Wa pili vilevile. Wa tatu.

Hapo nikalia kweli. Si kwa ajili yangu. Vijiti vilitoka shamba la mama, na hilo shamba ndilo bugali yake ya mwaka mzima.

Nikawaeleza. Mtanzania hakucheka. "Si kosa la mama, dada. Hata kwetu ugonjwa huu ulianza hivihivi, kwa watu kupeana mbegu kwa upendo." Mkongo akasema atamtengea mama fungu lake la vijiti vipya, na kibali cha kulisafirisha.

Mungu awabariki hawa wawili. Ningewachinjia kuku wa pili, ila hayupo.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua ya kwanza. Vijiti vipya viko ardhini, Saidi na mimi tumepanda bega kwa bega.

Nimempigia mama. Nikamweleza yote. Akasema: "Kumbe nilikupa ugonjwa, mwanangu." Nikamwambia alinipa chakula. Akauliza kama nakula vizuri.

Hataki kung'oa peke yake. Sitaki ang'oe peke yake. Fungu lake liko kivulini nyuma ya nyumba, Saidi atanibeba nalo kwa pikipiki, barabara ikikubali. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Kasongo, shambani kwake.